Nimekatwa mguu juu ya goti, nataka kujifunza skii. Naomba ushauri

Nyota_Kasese: Wadau, salaam. Mguu wangu wa kushoto ulikatwa juu ya goti baada ya ajali ya boda. Nina mguu bandia, lakini sokoni natumia magongo. Dada yangu anaishi Norway, amenialika Februari, na anasema huko hata sisi tunafundishwa kuteleza kwenye theluji kwa skii, vile vibao virefu vyembamba vya kuvaa miguuni. Mama anauliza kama nataka kwenda kuuacha na huu uliobaki. Nateleza na mguu bandia, au nakalishwa kwenye kile kiti cha kutelezea? Na baridi je?

Jirani_Mpondwe: Theluji ya Rwenzori unaiona bure kutoka kwenu, unaenda Norway kutafuta nini? 😂

Fundi_Viungo: Achana na huyo. Dada, mguu bandia uache hotelini. Wengi waliokatwa juu ya goti huteleza kwa mguu mmoja: skii moja mguuni, na mikononi magongo mawili yenye skii fupi mwishoni. Ukizivuta zile fupi zikasimama wima, magongo ni yale yale ya kutembelea. Goti la bandia la kawaida halikuundwa kubeba uzito likiwa limekunja. Kuna magoti ya michezo, ila bei yake usiulize. Aliyekatwa chini ya goti ni habari nyingine, huyo mara nyingi huvaa wake. Kigutu kivike soksi ya sufu na kitu kinene juu yake. Baridi ni moja, kuangukia barafu ni ya pili.

Mzee_Bwera: Mwanangu, kiti nacho si aibu. Kuna cha skii moja chenye springi, na cha skii mbili kwa ambaye mwili hautulii, mwalimu akishika kamba kwa nyuma. Lakini hicho huwafaa zaidi waliopooza. Wewe una mguu na mikono ya magongo, simama.

Nyota_Kasese: Asante mzee. Sasa kuisimamisha hiyo skii moja kwenye mteremko?

Fundi_Viungo: Hapo ndipo penye kazi. Wenye miguu miwili huanza kwa kuzibana skii mbele zifanane na V. Wewe huna ya pili, kwa hiyo kuanzia siku ya kwanza utajifunza kuigeuza skii ikatize mteremko. Mguu mmoja utafanya kazi yote na paja litawaka moto. Anza sasa: shika meza, chuchumaa kwa mguu huo, inuka, pumzika, rudia.

Kalungi_K: Na mama umwambie kuhusu Tofiri Kibuuka. Mganda, haoni, alishindana katika skii za masafa kwenye Paralimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, Örnsköldsvik, Uswidi, 1976. Tena akiiwakilisha Uganda! Baadaye akashinda medali akiwa upande wa Norway.

Nyota_Kasese: Kumbe! Hilo nampelekea leo leo.

Mzee_Bwera: Dada yako awaandikie walimu mapema: uzito, urefu, namba ya kiatu, na mguu uliobaki ni upi. Vifaa hivyo haviko kila kilima. Bima ya safari nayo isomeni, baadhi hazilipi mtu akiumia kwenye skii.

Jirani_Mpondwe: Basi na mimi nibebewe begi.

Fundi_Viungo: Wewe kaa Mpondwe uuze kahawa.