Boti ya shemeji ila usukani nashika mimi, likitokea la kutokea nani anajibu?

Kasia Moja:
Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri maana hili jambo limeninyima usingizi wiki nzima. Shemeji yangu, kaka yake wife, ana boti ya kutembelea, injini mbili za nje, kibati cha kiwandani kimeandikwa watu 8. Mimi nilisoma unahodha wa boti ndogo nikapata cheti, yeye hana, kwahiyo kila akitaka kutoka na marafiki zake ananipigia nikaendeshe. Hanilipi, ni undugu tu.

Jumapili nafika gatini nakuta watu 11, wawili watoto wadogo kabisa. Jaketi za kuokolea 8 na zote za watu wazima. Nikamwambia shem hapa tumezidi, akacheka akasema twende bwana bahari shwari leo. Nikaona aibu kubishana nae mbele ya wageni wake nikafungua kamba tukaondoka.

Huko mbele nikasimama watu waogelee, injini nimeacha inanguruma frii maana upepo ulikua unatusogeza kwenye mwamba. Jamaa mmoja karuka kwa nyuma bila kuaga. Nilichoona ni nyayo zake tu zinazama pale pale kwenye propela. Nikavuta ile kamba nyekundu ya kuzimia injini. Akaibuka anacheka! Mimi mikono ilitetemeka mpaka tunarudi gatini.

Sasa yule angekatwa mguu, wa kujibu ni mimi au shemeji mwenye chombo chake? Na huyu mtu namwambiaje bila kuharibu undugu?

NangaChini:
Mkuu ni wewe, usijidanganye. Siku hiyo nahodha ni wewe na shemeji yako ni abiria mwenye boti, basi. Ila na yeye hachomoki, zile kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972, kanuni ya 2 inasema wazi kwamba mwenye chombo, nahodha na mabaharia hakuna anaesamehewa kwa uzembe wake. Hayo mengine yanategemea sheria za nchi uliyopo, ila popote pale swali la kwanza ni nani alikua na usukani. Na wewe una cheti, ina maana huwezi kusema hukujua.

jembe_la_maji:
Yani hulipwi, halafu kesi yako 😂 dah hiyo kazi mpe mwingine

Mama Tanga Jeupe:
Jembe acha utani, kulipwa hakuhusiani hapo.

Kasia mdogo wangu, mimi kilichonishtua ni hao watoto. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto ni sawa na hana, akiingia majini linapanda juu yeye anatoka kwa chini. La mtoto linaendana na kilo zake na lina mkanda wa kupita katikati ya miguu. Kama halipo mtoto anabaki nchi kavu, alie asilie.

Mimi kabla sijafungua kamba huwa nawakalisha wote wanisikilize, dakika tatu hazifiki. Jaketi hizi hapa vaa nikuone, kizima moto kile pale, mtu akidondoka mmoja anyooshe kidole asimtoe macho hata sekunde wengine warushe boya. Halafu namchagua mmoja namfundisha mambo mawili tu, kuzima injini na kuita msaada kwenye redio chaneli 16, aseme Mayday (wito wa hatari) mara tatu, jina la boti, tuko wapi, tuko wangapi. Maana watu wanasahau kwamba nahodha nae anaweza kuzirai au kudondoka yeye, sasa hapo wote mnabaki mnaangaliana.

Kasia Moja:
Asante dada. Ila kuhusu injini, ningezima tungepigwa mwamba, ningefanyaje?

NangaChini:
Kosa lilianza kabla ya hapo, ni pale ulipochagua kusimama. Sehemu ambayo huwezi kuzima injini sio sehemu ya kuogelea. Tafuta mahali upepo ukikusukuma unakupeleka kwenye nafasi, tupa nanga, subiri uone imeshika kweli, zima, funguo tia mfukoni, ndio ushushe ngazi. Na hiyo frii usiiamini, propela inaweza kua inazunguka taratibu. Kabla ya kuwasha tena hesabu vichwa, wewe mwenyewe kwa kidole, usiulize "wote mpo?" maana asiyekuwepo hajibu.

Bahari Haina Shemeji:
Kibati kikisema 8 ni 8, na huwa kina kilo pia, kwahiyo watu wanane wanene na mizigo unaweza ukawa umezidi tayari. Mafuta nayo gawa mara tatu, theluthi ya kwenda theluthi ya kurudi theluthi usiiguse. Acha ujumbe kwa mtu nchi kavu unaenda wapi na unarudi saa ngapi. Na uliza bima ya hiyo boti inakutambua wewe au inamjua mwenyewe tu, hili watu wengi wanalijua wakishagonga.

Kumwambia usisubiri gatini mbele za watu, pale hakuna mwanaume atakubali. Mpigie katikati ya wiki akiwa peke yake. Mwambie shem chombo ni chako na nakuheshimu, ila kamba ikishafunguliwa neno la mwisho ni langu, la kutotoka kabisa likiwemo. Hataki, basi atafute nahodha mwingine na wewe usipande hata kama mgeni.

Mama Tanga Jeupe:
Hilo la mwisho hasa. Ukipanda kama mgeni mambo yakiharibika wote watakugeukia wewe mwenye cheti.

Kasia Moja:
Mrejesho wakuu. Nimempigia jana usiku. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekata, halafu akaniuliza kwahiyo nani abaki? Nikamwambia hao ni wageni wako shem, chagua wewe, mimi nahesabu mpaka 8 tu. Akakata. Leo asubuhi kanitumia picha ya jaketi mbili za watoto, mpya, bado ziko kwenye nailoni. Habari ya idadi hajasema kitu.