Mashine ya kura isiyotoa karatasi: acheni kutufunga kamba!

Wakuu, nimechoka. Kila uchaguzi ukiisha ni yaleyale: aliyeshinda anasema mfumo uko salama, aliyeshindwa anasema kura zimechakachuliwa kwenye seva, na mimi mpiga kura nabaki nakodoa macho, sina hata kipande cha karatasi cha kuonyesha nani mkweli. Halafu anatokea mtaalamu na tai yake anatuambia tuwe na imani. Imani ipelekeni kwenye nyumba za ibada, huku tunataka hesabu!

Mashine inapokea kura kwa kidole, inaificha humohumo, jioni inatoa jumla. Utairudiaje kuhesabu? Ukiiamuru ihesabu tena itakupa namba ileile, hata kama ni ya uongo. Huko ni sawa na kumuuliza mwizi mara ya pili kama kaiba.

Na asije mtu hapa kusema kompyuta haikosei. Mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja alikutwa na kura 4,096 za ziada. Walishtuka kwa sababu kura zake zilizidi idadi iliyowezekana. Sasa itazameni hiyo 4,096: ni 2 kwa kipeo cha 12. Yaani, kwa maelezo ya wataalamu, huenda biti moja tu kwenye kumbukumbu ya kompyuta iligeuka kutoka 0 kuwa 1, basi, watu elfu nne wakazaliwa. Bahati yao kulikuwa na kadi za sumaku zilizorekodi kura sandukuni, zikasomwa upya. Je, ingegeuka biti ya kura 64, nani angestuka?

Hiyo ni ajali. Wenye nia je? Mwaka 2006 wanaharakati wa Uholanzi walizifungua mashine za kura za kampuni ya Nedap, wakabadilisha programu, na kwa kejeli wakaifanya mashine ya kura icheze chesi. Chesi! Waholanzi wakarudi kwenye karatasi na penseli. Ireland ilizitumbukizia mashine za aina hiyo zaidi ya yuro milioni 50, mwisho zikauzwa chuma chakavu. Ujerumani ndiyo ilimaliza ubishi: mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ilisema mwananchi wa kawaida lazima aweze kukagua hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa na utaalamu wowote. Mwananchi wa kawaida, wakuu, si mhandisi wa kampuni iliyouza mashine.

Ila na nyie wa "tumeibiwa" msijifiche, nanyi mnanikera. Ushahidi uko wapi? Georgia, Marekani, mwaka 2020, karatasi zilikuwepo, zikahesabiwa kwa mkono karibu milioni 5, na Biden akabaki mshindi. Bado watu wakaendelea kuimba wizi. Kituo cha televisheni cha Fox News, kilichorusha madai hayo, kikaja kuilipa Dominion dola milioni 787.5 mwaka 2023 kumaliza kesi ya kuichafua kampuni hiyo ya mashine. Bila zile karatasi tungekuwa bado tunabishana, na mzushi angekuwa na nguvu sawa na mkweli. Hapo ndipo hasira yangu ilipo: mashine isiyo na karatasi inamlinda mwizi, na papo hapo inamlisha mzushi.

Kenya mnaikumbuka. Kule kura ni ya karatasi, ugomvi uko kwenye kutuma matokeo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru seva zifunguliwe zikaguliwe, tume ikasuasua, na matokeo ya urais yakafutwa. Mwaka 2022 tume hiyohiyo ikaziweka hadharani fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000, kila mwenye intaneti akajumlisha mwenyewe. Kesi zikafunguliwa tena, lakini safari hii kulikuwa na kitu cha kushika mkononi.

Na karatasi yenyewe isiwe pambo. India mashine zinachapa, lakini karatasi zinazolinganishwa na hesabu ya mashine ni za vituo vitano tu kwa kila eneo la bunge la jimbo. Walioomba zihesabiwe zote walikataliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2024. Sasa mbona mlizichapa zote?

Anayetetea mashine kavu aje hapa anijibu swali moja, na asiniletee habari za kasi na gharama: matokeo yakipingwa kesho mahakamani, jaji atahesabu nini?