Mbio za magari mtandaoni: iRacing ya kulipia kila mwezi au ACC ya kununua mara moja?

MkwajuTabata: Wakuu, habari za jioni. Nataka kuingia kwenye mbio za magari za mtandaoni, zile za michezo ya video unayoshindana na watu halisi. Nimekwama kati ya iRacing, unayolipia kila mwezi, na Assetto Corsa Competizione (ACC), unayonunua mara moja. Bajeti yangu ni shilingi 1,500,000. Nataka niamue kabla ya mwisho wa mwezi. Naombeni ushauri.

GiaYaTano: Mkuu, bajeti ya usukani tu au pamoja na mashine? Kompyuta gani? GPU (kadi ya picha) gani? Intaneti ya faiba au ya bando? Bila hayo tunakushauri gizani.

UsikuPosta: Nipo iRacing mwaka wa tatu na sioni pa kwenda. Unaanza na leseni ya Rookie (ya wanaoanza), unapanda D, C, B hadi A. Ukigonga gari la mtu unapata pointi 4 za makosa, ukizunguka 2, ukitoka nje ya njia 1. Zikijaa, leseni yako inashuka, kwa hiyo watu wanaendesha kwa adabu. Gari la Mazda MX-5 unalikuta humo bila kulilipia zaidi. Msimu ni wiki 12, na kila wiki kiwanja cha mbio kinabadilika. Ratiba hiyo ndiyo iliyonifundisha kufanya mazoezi.

KonaKali: Mwambie na hesabu basi. Dola 13 kwa mwezi bila punguzo. Gari moja la ziada dola 11.95, kiwanja kinaweza kufika 14.95. Ukiacha kulipia ada ya mwezi, hata ulivyokwisha kununua huvigusi mpaka urudi. ACC ni yako. Ni magari ya GT3 na GT4 zaidi (ya mbio, yaliyotokana na ya barabarani), lakini mimi kona za Spa, kiwanja cha Ubelgiji, nimezijulia humo, na sidaiwi na mtu.

UsikuPosta: ACC ukiingia seva ya wazi usiku, kona ya kwanza mnarundikana magari kumi. Nimeijaribu.

KonaKali: Ingia seva inayodai kiwango cha usalama. Ipo, hukuitafuta.

DadaKigamboni: Kabla hamjagombana, mwacheni kwanza anunue usukani kwa macho mawili. Mimi nilinunua uliotumika Kariakoo, Logitech. Muuzaji akaniapia ni wa PlayStation. Nikavuka nao pantoni nimeupakata kama mtoto. Nafika nyumbani, PS4 haiutambui kabisa. Naugeuza chini, imeandikwa G920, ambao ni wa Xbox na kompyuta. Wa PlayStation ni G29, na ukiwa na haraka utaona zinafanana. Kesho yake nikarudi, akaniambia mali ikishatoka dukani si yake tena. Nikauuza kwa hasara. Wa pili niliupata kwa mtu Mbagala, ukawaka vizuri, lakini pedali ya breki inarukaruka: nakanyaga nusu, gari linasoma nimekanyaga yote. Fundi alifungua, akasafisha vumbi kwenye kifaa kinachopima mkanyago, ikatulia. Miezi miwili ilipita sijakimbia hata mbio moja. Kaka, beba mashine yako, chomeka hapohapo dukani, kanyaga pedali zote tatu, ndipo utoe hela.

GiaYaTano: Asante dada, hii iwekwe juu ya uzi. Naongeza: iRacing bila intaneti huingii kabisa. Kutoka Dar seva ya Ulaya mawasiliano yanachelewa kama milisekunde 160, na naendesha vizuri. Shida ni huko kuchelewa kunapopandashuka, gari lako linaonekana kuruka kwa wenzako na pointi za kugongana mnapewa wote wawili. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika? Siku zile hata picha ya WhatsApp ilikuwa haifunguki.

FundiSinza: Na UPS (betri ya akiba), wakuu. Umeme ukikatika katikati ya mbio, mbio yako imeisha.

KonaKali: Usukani wenyewe uwe na gia ya mkono. Vibonye vya nyuma ya usukani havimfundishi mtu kuendesha.

UsikuPosta: Gari la GT3 la kweli linabadilishwa gia kwa vibonye hivyohivyo. Gia ya mkono ya nini?

KonaKali: Ya kujua gari.

MkwajuTabata: Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Nina laptop ya HP ya ofisi, RAM 8, haina GPU. Na PS4 Slim. Intaneti natumia hotspot ya simu. Bajeti ni ya usukani na michezo.

GiaYaTano: Mkuu, hiyo ilitakiwa iwe mstari wa kwanza! iRacing ni ya kompyuta ya Windows tu, na hiyo laptop haiwezi. ACC ya PS4 ipo, ila hukutani na watu wa kompyuta.

DadaKigamboni: Gran Turismo 7 inaingia PS4, ina viwango vya udereva na usalama. Mtandaoni utahitaji PS Plus, usajili wa kulipia wa PlayStation. Mimi ndipo nilipo.

VumbiArusha: Wote mmesahau rali. WRC 9 ipo PS4 na ina Safari Rally ya Kenya. Hata ukikosa intaneti unakimbia mwenyewe, vumbi jekundu mbele. Sisi wa Afrika Mashariki tuanzie hapo.

UsikuPosta: Kaka, yeye anataka kushindana na watu.

MkwajuTabata: VumbiArusha, hiyo inapatikana ya CD? Kuna mtu anayo hapa Dar?