Utabiri wa mpira kijiweni: fantasi ya kawaida, mtu kwa mtu au skoa za WhatsApp? Ipi haina wizi?

Mzee_wa_Sato
Wakuu habari za jioni. Msimu unakaribia na kijiwe chetu hapa Kirumba, Mwanza, mwaka huu tunataka utabiri wenye mpangilio, siyo kelele za mwaka jana. Kuna kundi linataka Fantasy Premier League, ule mchezo wa mtandaoni unapanga kikosi cha wachezaji wa ligi ya Uingereza na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, ligi ya kawaida, pointi zinajumlishwa mpaka mwisho. Wengine wanataka mchezo huo huo ila ile ya mtu kwa mtu. Wengine wanasema tutabiri skoa tu kwenye grupu la WhatsApp, ukipatia kamili 3, ukipatia mshindi tu 1. Ipi ya haki? Nataka nifungue keshokutwa.

binti_igoma
Mbona umeficha nusu ya habari mkuu. Mko wangapi? Kuna hela au mnagombea heshima? Na hela anashika nani? Bila hayo tutakupigia ramli tu hapa.

Mzee_wa_Sato
Kama 20 hivi. Hela ipo kidogo, ya mbuzi mwisho wa msimu.

binti_igoma
Kidogo ndo ngapi 😂 na swali la anashika nani umeliruka.

kocha_mtaani
Ligi ya kawaida, mjadala ufungwe. Wote mnaanza na milioni 100 za mle ndani, wachezaji 15, klabu moja huchukui zaidi ya 3, na dedilaini ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza, inafunga mashine siyo admini. Kikosi cha mwenzako cha wiki hiyo hukioni mpaka muda upite. Ukizidisha uhamisho unakatwa pointi 4, hakuna kubembelezana.

lindanda_damu
Kocha umesahau mwenye timu tatu. Sheria ya mchezo ni mtu mmoja timu moja lakini nani anakagua? Kwetu Nyakato jamaa aliingiza yake, ya mke wake na ya shemeji, zote anapanga yeye, moja anampa ukapteni (wa pointi mara mbili) huyu nyingine yule, yaani lazima moja ipige. Shemeji mwenyewe ukimuuliza kipa wake nani anakuangalia tu. Ile code, namba ya siri ya kujiunga na ligi, msiirushe grupuni, admini ampe mtu anayemjua kwa sura.

nyegezi_stendi
Mtu kwa mtu ndo tamu. Kila wiki una mpinzani wako, ushindi 3 sare 1, hata wa mkiani ana sababu ya kufungua simu.

kocha_mtaani
Tamu siyo haki. Unapiga 80 unakutana na mwenye 85, umelala. Mwenzako kapiga 30 kakutana na timu iliyotelekezwa tangu Septemba, kachukua 3. Na mpinzani wako akiwa swahiba wa anayeongoza unafikiri atahangaika kupanga kikosi?

dagaa_mkavu
Ngoja niwaambie kuhusu hiyo ya WhatsApp. Tuliicheza sisi wa Mwaloni, kila mtu anatuma utabiri kabla mechi haijaanza na admini anaandika kwenye daftari. Kuna mwenzetu akawa na mtindo, ujumbe wake unaingia mechi ishaanza halafu anasema nilikuwa kwenye kivuko cha Kamanga mtandao ukakata, na kweli mtandao majini mnaujua, tukamhurumia. Akawa anatuma skrinshoti kuonyesha alituma mapema. Wiki moja ugomvi ukawa mkubwa maana kapatia 3-1 kamili, skrinshoti inaonyesha dakika kumi kabla ya mpira kuanza, watu wamenyamaza wanataka kumpa pointi, dada mmoja muuza dagaa akaivuta ile picha kwa vidole, juu pembeni kuna taarifa ya livuskoa, ile app ya matokeo ya moja kwa moja, imesomeka BAO! Bao limetoka wapi mechi haijaanza? Kumbe anarudisha saa ya simu nyuma ndo anapiga picha. Hakurudisha hata mia, na ugomvi ukahamia kwenye biashara.

binti_igoma
😂😂 livuskoa imemchoma. Mkiamua WhatsApp wekeni kabisa kwamba inahesabika saa iliyoingia kwenye simu ya admini, skrinshoti hazipokelewi. Na ujumbe uliohaririwa ufutwe, WhatsApp inaruhusu kuhariri dakika 15 nzima.

lindanda_damu
Halafu mwisho wa Oktoba Uingereza wanarudisha saa nyuma, mechi ya saa 8 na nusu mchana kwetu inahamia saa 9 na nusu. Kila mwaka watu wanachelewa au wanabishana kwa hilo.

nyegezi_stendi
Mbona wote Ulaya tu, tabirini ligi ya NBC.

kocha_mtaani
Na viporo utavifanyaje? Dabi ya Kariakoo ya Machi 8, 2025 imeahirishwa siku yenyewe, ikachezwa Juni 25. Utabiri wa Machi unahesabika Juni? Wachezaji wenyewe washaumia na kupona.

yanga_ya_sengerema
Unahesabika, Yanga 2-0 Simba ni 2-0 😎

simba_mla_sangara
Tumeanza sasa. Uliza kwanza kwa nini iliahirishwa.

yanga_ya_sengerema
Waliogoma kucheza ni nani?

mwl_buswelu
Mimi naona hela mnakusanya, mshindi anachukua, hiyo ni kamari ndogo. Vijana wanaanzia hapo wanaishia kwenye mikeka ya kubeti.

dagaa_mkavu
Mwalimu mbuzi tunakula wote, mshindi anapewa kichwa na kuchagua nyama kwanza. Kamari gani hiyo.

Mzee_wa_Sato
Nimewasoma. Wengi hapa kijiweni bado wanataka mtu kwa mtu, ila tuko 21 sasa kuna mmoja kaongezeka.

kocha_mtaani
21 ndo mbaya zaidi, kila wiki mmoja anapangiwa kushindana na wastani wa pointi badala ya mtu. Mfukuze mmoja au rudi ligi ya kawaida.

binti_igoma
Hela anashika nani mkuu?

Mzee_wa_Sato
Mimi.

simba_mla_sangara
Haya. Hivi Pamba Jiji washapata straika?