Tushirikianeje katika madai ya matunzo ya watoto?

Swali (Mbeya): Wakuu, mama anayedai matunzo hapa kwetu huhojiwa na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kisha ustawi wa jamii, kisha karani wa mahakama, kila mmoja akifungua jalada jipya. Wenzetu mnafanyaje?

Jibu (Iringa): Tulikubaliana fomu moja inayotembea na mama. Ugumu umebaki kwenye kipato cha baba, ambacho Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mahakama ikizingatie. Kwa mkulima wa viazi fedha huonekana wakati wa mavuno tu, hivyo mtendaji wa kijiji tunamshirikisha mapema ili kukijua kipato hicho.

Jibu (Njombe): Naunga mkono, mradi mtendaji huyo asiwe shemeji wa baba anayedaiwa (yametukuta).

Muulizaji: Mama hubaki na nakala ya fomu hiyo?

Iringa: Ndiyo, yenye muhuri.