Seli ikishasomwa RNA imekufa: tutajuaje ilikuwa na uwezo gani?

Kamalondo_Bio (Lubumbashi):
Habari zenu wakubwa. Tunaandaa semina juu ya seli shina za damu (seli mama zinazozaa seli zote za damu), kwa sababu ya tiba ya drepanositozi (ugonjwa wa seli mundu). Kuna jambo linatukwaza. Ili usome RNA ya seli moja (nakala zinazoonyesha jeni zipi zimewashwa), lazima uipasue. Ili ujue kama ni seli shina kweli, lazima uipandikize kwa panya aliyepigwa mionzi, ungoje majuma 16 au zaidi uone kama inajenga damu. Seli ileile haiwezi kupita njia zote mbili. Sasa hali ya ndani na kazi vinaunganishwaje?

Analize_Bukavu:
Ndugu, daraja la kwanza ni alama za uso. Saitometa (mashine inayopima seli kwa mwanga na kuzichagua) inapodondosha seli moja katika kila kishimo cha pleti ya vishimo 96, ihifadhi vipimo vya mwanga vya seli hiyo pamoja na namba ya kishimo. Pleti moja inasomwa RNA. Seli nyingine za kundi lilelile zinapandikizwa mojamoja. Halafu unarudi nyuma: zilizojenga damu zilikuwa na alama za uso CD150 na EPCR kiasi gani? Na kwenye pleti ya RNA, zenye vipimo hivyo ziliwasha jeni zipi? Kundi la Göttgens na Kent, Cambridge, lilifanya hivyo 2015. Kinachoharibu ni kubadilisha volteji ya vitambuzi katikati ya kazi: kipimo cha mwanga cha 4,000 cha leo hakitakuwa 4,000 ya jana. Pitisha shanga za kupimia kila asubuhi.

Mama_Labo:
Naongeza njia ya seli ndugu, ambayo naiamini zaidi. Kila seli inatiwa msimbo wa ADN kwa virusi, inaachwa igawanyike siku mbili hivi, kisha nusu ya seli zinasomwa RNA na nusu zinapandikizwa. Msimbo ndio unaokuambia nani ni ndugu wa nani. Angalieni hesabu: misimbo ikiwa 1,000 na seli 100, karibu 9 zitagongana msimbo na nyingine, nanyi mtaziita ndugu bure. Misimbo iwe laki na zaidi. Tena, ndugu wawili wanaweza kuwa wameshaachana tabia katika mgawanyiko uleule wa kwanza.

Kamalondo_Bio:
Asante sana, Mama. Na penye inkubeta tu, bila saitometa?

Mama_Labo:
Koloni (kundi la seli lililotokana na seli moja) katika methiliselulosi, ute mzito wa kukuzia seli. Zinapima seli tangulizi (watoto wa seli shina, ambao uwezo wao umeshapungua), si seli shina zenyewe. Msizichanganye kwenye semina. Ute huo ni mzito kama asali: pipeti itawadanganya, tumieni sirinji na sindano nene butu. Tikiseni, acheni dakika 5 mapovu yapande, wekeni mililita 1.1 kwa kisahani cha milimita 35. Kando yake kisahani cha maji kisichofunikwa, la sivyo kingo zinakauka na koloni hazikui. Digrii 37, CO2 asilimia 5, siku 14. Umeme ukikatika, msifungue mlango. Kisha chukueni koloni moja chini ya hadubini: nusu mchambue jeni, nusu mpande upya muone kama bado inazaa.