Mimi na mtoto wa baba mkubwa DNA za upande wa baba hazifanani, nifanyeje kabla ya Desemba?

MtuWaUru: Wakuu habarini za jioni, naombeni ushauri. Niko Moshi, kwetu ni Uru. Mtoto wa baba mkubwa yuko Marekani, zamani alipima DNA ya ukoo, ile ya kromosomu Y ambayo baba anampa mtoto wa kiume, karatasi yake inasema yuko kundi la E3a. Krismasi iliyopita akaja na vifaa nikapangusa shavuni, majibu yangu yametoka juzi E-M293. Babu yetu ni mmoja jamani. Au ni majina tu yamebadilika? Na kaka kashawaahidi wazee Desemba tukipanda nyumbani atawasomea, usingizi sina.

Kibosho_Juu: Pole mangi. E3a ni jina la 2002, mwaka 2008 mti wa makundi ya Y ukapangwa upya ikawa E1b1a, sa hivi wengi wanaandika E-M2, vyote kitu kimoja. Ndo maana siku hizi wanataja alama ya badiliko lenyewe la DNA, kama hiyo M2, kwa sababu likigundulika tawi jipya yale majina marefu yanahama ila alama inabaki palepale. Lakini nisikudanganye, ya kwako sio hiyo. M293 iko chini ya tawi la M35, upande wa E1b1b, na hizo pande mbili, E1b1a na E1b1b, ziliachana makumi ya maelfu ya miaka nyuma. Wajukuu wa babu mmoja mzaa baba hawatofautiani hivyo.

MamaNey: Rudia kipimo kwanza, sampuli huwa zinachanganywa. Na usimfikirie bibi vibaya, wangapi waliolewa wakiwa na mtoto mgongoni na huyo mtoto akakua humohumo akapewa jina la ukoo? Mjane akirithiwa na shemeji hapo Y haibadiliki, ni ileile ya baba yao.

MtuWaUru: Asante dada. Ila wazee wanasimulia tulitokea kwa wafugaji, Wamaasai, na nasoma M293 ni ya wafugaji, si ina maana mimi ndo wa ukoo halisi?

Kibosho_Juu: Hapana mkuu. M293 ipo kwa Wadatoga na wengine wengi, wanasayansi wanaihusisha na wafugaji waliotoka huku Afrika Mashariki kushuka kusini, M2 nayo ilisambaa na wasemaji wa Kibantu, na sisi Wachaga tuna damu za pande zote. Hizo herufi zina umri kuliko kabila lolote. Anayeweza kuamua ni mtoto mwingine wa kiume wa babu, yupo?

MtuWaUru: Yupo baba mdogo, kitinda mimba, ndo anakaa kwenye kihamba cha babu, lile shamba la ukoo.

MamaNey: Hapo sasa! Kikitoka kwamba yeye ndo hafanani, kuna ndugu wataanza kukitaka hicho kihamba, na yeye hajawahi kuomba kupimwa. Mwambie yote, peke yenu, akikataa basi iishe. Usimchukue sampuli kwa ujanja, hata sheria ya vinasaba ya 2009 inataka ridhaa.

MtuWaUru: Nimempigia kaka, amenyamaza muda mrefu halafu kasema hatasoma chochote Desemba. Jumamosi napanda Uru kwa baba mdogo.